Mtahini Aliyekataa Kuweka Jiwe

Waithira wa Njau,
Nyuma ya Membley,
Ruiru.

Kwa Msimamizi wa Mitihani ya Udereva,
Thika.

Bwana Msimamizi,

KUH: KUANGUSHWA KWANGU MTIHANI WA BARABARANI LICHA YA MAANDALIZI KAMILI

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu na kutoka kwa mume wangu, Bwana Njau, ambaye ameketi hapa kando yangu nikimsomea kila mstari ninaouandika. Yeye anataka nianze kwa ukali. Mimi nitaanza kwa adabu, ukali utakuja wenyewe.

Ili unijue, mimi ni mama wa miaka sitini na kidogo, katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, na sijawahi kuandikia ofisi yoyote kulalamika isipokuwa mara moja kuhusu maji, na jibu bado nalingoja. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuja Thika kufanya mtihani wa udereva nikaangushwa. Aliyeniangusha ni mtahini wako, Bwana Kimanzi, kijana nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa. Inaonekana wazi kwamba mama yake alimlea vizuri, na ndiyo sababu nashindwa kuelewa aliharibikia wapi.

Kabla ya malalamiko, wacha nikueleze leseni hii naitakia nini. Bwana Njau alikuwa dereva wa lori la maziwa maisha yake yote ya kazi. Barabara zote za huku anazijua, na mashimo yake. Halafu presha ya macho ikamwingia. Sasa anaona mwanga na vivuli, na daktari wa macho hapo Thika anasema hicho kilichobaki kinaweza kuokolewa, mradi aende kliniki bila kukosa. Lakini haendi. Binti yetu Kui amejitolea kulipa teksi, Baba Kui amekataa. Majirani wamejitolea kumpeleka, amekataa. Anasema mtu aliyebeba maziwa ya nchi nzima hawezi sasa kubebwa kama debe, na kwamba atatoka boma hili ndani ya gari lake au hatatoka. Gari lake ni Toyota DX nyeupe ambayo kuku walikuwa wameanza kutaga chini yake. Tangu macho yaanze kumsumbua ameketi kiti kilekile mlangoni, radio mapajani, akigombana na mtangazaji. Kliniki zinapita tu. Usiku siwezi kulala nikifikiria jicho linavyozima polepole na gari liko hapo nje, lina magurudumu yote manne. Basi nikajiandikisha kujifunza udereva.

Siku za mtihani zilipokaribia, mwalimu wangu, kijana anayeitwa Lenny, aliniambia gari la shule lina shida ya gia, kwa hivyo nije na langu. Akanisisitizia niandae gari na nijiandae mimi mwenyewe. Nikague maji, oili, hewa ya tairi, taa zote, vioo na mikanda. Nilale mapema, nile vizuri, nisisahau kitambulisho. Hayo yote, Bwana Msimamizi, niliyafanya kabla jogoo hajamaliza kuwika. Kuhusu kula palikuwa na ubishi kidogo, kwa sababu Lenny alisema nile na mwenyekiti wetu Wangeci akasema tufunge. Nilifunga hadi saa nne, halafu nikala sana, ili kila mmoja aridhike.

Lakini maji na oili ni mambo ya gari. Hakuna aliyeniambia kuhusu mtu. Afisa wa serikali alikuwa anakuja kuingia katika gari letu kwa mara ya kwanza, na hakuna mwanamke wa kwetu anayeweza kumpokea mgeni wa namna hiyo kwa oili tupu. Kikundi kizima kilikuja Jumamosi. Tulisugua, tukapangusa, tukatandika, tukapuliza manukato. Mayai tuliyatoa. Baba Kui alizunguka gari akipapasa kila tairi kwa mkono na kusema hili sawa, hili lina kiburi, liongezwe hewa. Jumapili gari likaombewa. Hakuna gari lililowahi kufika kituo chako likiwa tayari kama lile.

Sasa malalamiko.

1. Chai. Kati ya kiti changu na chake niliweka kiondo chenye thamosi ya chai ya maziwa, vikombe vya udongo vya wageni, na nduma zilizochemshwa alfajiri. Bwana Kimanzi aliingia, akafunga mkanda, akaniambia niwashe gari. Nikamwambia aonje kitu kwanza. Akasema hanywi chai kazini. Nilimuuliza kwa upole kama ana vidonda vya tumbo, maana ningeweza kumtafutia uji, akasema hana. Kwa hivyo alikataa tu. Sikuweza kuwasha gari mgeni akiwa hajatia kitu mdomoni, na yeye hakutaka kutia kitu mdomoni kabla sijawasha gari, tukakaa hivyo mpaka watahiniwa wengine wakaanza kuchungulia. Mwishowe alishika kikombe. Hakunywa, alikishika tu. Nikawasha, lakini moyo haukuwa mweupe.

2. Vitambaa. Wangeci ndiye bingwa wa kufuma vitambaa huku kwetu, na alitutolea vile vyeupe vyenye maua ya waridi, alivyovifuma kwa ajili ya ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake. Viti vyote tulivifunika. Dashibodi tuliifunika. Kile kirefu kabisa tulikitundika kwenye kioo cha kutazamia nyuma, kikaning'inia vizuri kama pazia. Bwana Kimanzi alisema haoni nyuma. Nilimweleza kwamba nyuma ndiko tulikotoka, huko tunakujua. Akakivuta kile kitambaa kwa mkono wake, akakikunja ovyo, akakiweka sakafuni karibu na viatu vyake. Halafu akaniambia, namnukuu, "Mama, hii si gari. Hii ni sitting room." Nilipomwambia Wangeci, alifurahi sana kwa sifa hiyo, mpaka nikamweleza ilisemwa kwa sauti gani.

3. Wangeci mwenyewe. Alikuwa ameketi kiti cha nyuma, kimya, Biblia mkononi, akiwa tayari kwa dharura yoyote. Aliamriwa kushuka. Bwana Kimanzi alisema anapima mtahiniwa mmoja kwa wakati mmoja. Nani alimwambia Wangeci ni mtahiniwa? Hana hata haja ya kuendesha, yuko na mume anayeona. Alishuka, akaachwa amesimama uani juani, na maombi aliyokuwa ameyapanga kutoka langoni hadi mlimani yakabaki bila kuombwa. Nayataja haya ili ujue kwamba yaliyotokea mlimani baadaye hayakuwa na kinga.

4. Lalamiko hili nimelifuta kwa ushauri wa Bwana Njau, anayesema mtu halalamikii mafuta ya kung'arisha aliyoyapaka mwenyewe kwenye pedeli. Nitasema tu kwamba zilikuwa zinang'aa sana, na kwamba ule mtungi wa maji pale uani ulikuwa na mpasuko kabla sijaugusa.

5. Aoko. Huyu ni mama anayeuza mboga kwetu Ruiru, na siku hiyo alikuwa amekuja Thika kununua kabeji kwa bei ya jumla. Tulipopita karibu na soko akaniona. Bwana Msimamizi, hebu jiweke mahali pangu. Mtu unayemjua, aliyekukopesha sukuma wakati huna, amesimama kando ya barabara na gunia, amekuona ukiwa ndani ya gari lenye viti vitupu vya nyuma, na anapunga mkono. Ungepita? Kesho yake ningemwangalia na macho gani? Niliwasha indiketa vizuri kama nilivyofundishwa, nikatazama kioo, ambacho sasa kilikuwa wazi kwa hisani ya Bwana Kimanzi, nikaegesha. Aoko akaingia na kabeji zake, akamsalimia afisa, akamuuliza ametoka wapi na kama ameoa.  Mtahini wako aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Hapo naomba nipewe alama. Niliegesha bila kugonga chochote.

6. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na Baba Kui amesogeza kiti karibu.

Alipokuwa kijana wa lori, Bwana Njau alifundishwa hivi, na hivi ndivyo alivyonifundisha mimi. Ukifika mlimani na ni lazima usimame, simama, vuta breki ya mkono, na mtu aliyeketi kushoto kwako, yaani tanboi, ashuke na jiwe. Anaenda nyuma, anaweka jiwe chini ya tairi, anagonga buti ya gari mara mbili kukuambia limekaa. Ndipo unaachilia kila kitu kwa amani, unatafuta gia yako bila haraka, unaondoka. Tanboi anaokota jiwe anakufuata. Lori lenye maziwa halirudi nyuma hata unyoya. Jiwe analotumia ni lilelile la lori, jeusi, lina upande mmoja bapa, na siku alipostaafu ndicho kitu pekee alichorudi nacho nyumbani.

Lenny alijaribu kunifundisha njia nyingine, ya kusikiliza injini na kucheza na klachi. Niliisikia kwa heshima. Lakini jioni, kwenye ile barabara ya murram nyuma ya Membley, mwalimu alikuwa Baba Kui. Ilikuwa mara ya kwanza tangu macho yaanze kumsumbua kuondoka kwenye kile kiti cha mlangoni. Akaketi kushoto kwangu, jiwe mapajani mahali pa radio. Mlimani nilisimama, akashuka, akaenda nyuma akitelezesha mkono juu ya bati la gari hadi alipofika tairini, akainama, akaweka, akagonga buti. Nikaondoka. Nilimngoja juu. Alipanda akifuata ukingo wa mtaro kwa fimbo, jiwe kwapani, akafika anahema na kucheka. Tulifanya mazoezi mara chache tu, kwa sababu mtihani ulikuwa karibu na sikutaka kumchosha. Siku ya mtihani yeye mwenyewe alinikabidhi jiwe langoni kwetu.

Basi pale kwenye mlima wa Thika Bwana Kimanzi aliniambia nisimame, halafu niondoke bila kurudi nyuma. Nilisimama. Nilivuta breki ya mkono. Nikachukua jiwe kutoka chini ya kitambaa na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Aliliangalia. Akaniuliza ni la nini. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe, na zaidi. Akasema yeye ni mtahini. Nikamwambia kuwa mtahini ni mgeni wangu kuanzia langoni hadi chini ya mlima, lakini mlimani aliyeketi kushoto ni tanboi, hata awe nani. Hata askofu angeshuka. Akakataa. Kijana mwenye afya, hana shida ya macho wala magoti, na mume wangu anayepapasa njia kwa mkono hushuka bila kuambiwa.

Sikumjibu vibaya. Nilishuka mwenyewe, nikaweka jiwe, nikagonga buti mara mbili ili mambo yawe rasmi, nikarudi kwenye usukani. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nikiondoka jiwe litabaki barabarani, na barabara si yetu sisi pekee. Nikamuuliza afisa atashauri vipi. Alikuwa anatazama mbele tu, kikombe cha chai bado mkononi. Aliyeokoa mtihani huu ni Aoko, abiria yuleyule anayelalamikiwa. Alishuka, akashika jiwe, nikaondoka vizuri kabisa, gari halikurudi nyuma hata unyoya. Nikamngoja juu, kwa sababu dereva hamwachi tanboi wake. Kabeji mbili ndizo zilizoteremka, na hizo hazikuwa sehemu ya mtihani.

Karatasi niliyopewa inasema nimeanguka kwa kuacha usukani, kubeba abiria, kusimama pasipo ruhusa, na "mengineyo". Nataka kujua mengineyo ni yapi. Kama ni chai, aandike chai.

Bwana Msimamizi, nimelitafakari jambo hili na nimefikia mahali ambapo kosa si la Bwana Kimanzi peke yake. Mtihani wenu unapima kuendesha, na kuendesha ndilo jambo dogo kuliko yote. Vijana wote wa Kahawa Wendani wanaendesha, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumkabidhi kuku wangu. Kinachomfanya mtu afike salama ni maandalizi yake na watu alionao ndani ya gari. Kwa hivyo napendekeza alama zigawanywe upya. Usafi wa gari na vitambaa upewe robo. Chai na kitafunio, robo nyingine, na nusu ya hiyo ikatwe mtahiniwa akileta mkate wa dukani. Robo ya tatu iwe ya kusimama kwa watu unaowajua. Robo iliyobaki iwe ya mlima, na mtahini apimwe pia, kama anajua kushuka. Kuendesha kwenyewe kuwe kwa hiari, kwa wanaopenda.

Pia naomba watahini wote waletwe Ruiru kwa mafunzo ya wiki moja nyumbani kwa Wangeci, wafundishwe namna ya kuingia katika gari la mtu. Na ule ubao wenu wenye mji wa kuchora, mnaotuulizia sheria za barabara, ambao niliupita bila shida, una taa na raundabauti na hata reli, lakini hauna soko, hauna kanisa, na hauna kilima hata kimoja. Katika mji wa namna hiyo nani anaishi? Uchorwe upya.

Mwisho, naomba leseni yangu. Nayo iandikwe majina mawili. Nimeshaeleza kwamba lori haliendeshwi na mtu mmoja, na kama serikali inaweza kuandika majina mawili kwenye cheti cha ndoa haitashindwa na hili. Dereva aandikwe Waithira. Tanboi aandikwe Njau, na kwenye nafasi ya macho iachwe wazi, kwa sababu kazi hiyo anaifanya kwa mikono.

Nisalimie wote ofisini kwako, na hasa yule askari wa langoni aliyemaliza chai na nduma zote bila kuuliza maswali. Huyo mpandishe cheo. Msalimie Bwana Kimanzi pia, mwambie kikombe chetu alikwenda nacho. Wangeci anakusalimu, Aoko anakusalimu na kusema kabeji zilipatikana. Kama una mke, mpe pole kwa kazi.

Ni mimi niliyeanguka kwa heshima zote,

Waithira wa Njau

Nyongeza: Sehemu hii Bwana Njau sijamsomea. Nilipofika pale pa majina mawili aliinuka, akaenda kuangalia gari.

Siku ile niliporudi nimeanguka niliogopa kumwambia. Nilimwambia yote, hadi jiwe. Alicheka mpaka nikamletea maji, halafu akamkasirikia Bwana Kimanzi usiku mzima. Asubuhi nilimkuta amenyoa ndevu, amesimama kando ya DX kabla sijawasha jiko, akiniuliza nitalala mpaka saa ngapi. Anasema klachi yangu ni mbaya, kwamba alikuwa ameninyamazia tu kwa sababu ya mtihani, na kwamba tunahitaji mlima mrefu zaidi. Tangu hapo tumetoka kila jioni. Kile kiti cha mlangoni sasa kuku ndio wanaokitumia.

Na Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Sikuitaja, nilikuwa nimechoka kuitaja. Alimwita Lenny mwenyewe kwa simu, akamwambia aje aendeshe DX hadi Thika, kwa sababu mwalimu hawezi kufundisha mlima ikiwa hata kivuli cha tairi hakioni. Alimsahihisha Lenny gia zote kutoka hapa hadi Juja, na kutoka Juja hadi mlango wa hospitali. Alitiwa dawa. Alichukua tarehe nyingine bila kulazimishwa, na ameniambia nisithubutu kuisahau.

Kwa hivyo, Bwana Msimamizi, barua hii iweke mahali pazuri usiifanyie kazi. Nimepangiwa mtihani mwingine mwezi ujao. Kama unaweza, uucheleweshe. Ikishindikana, nipangie Bwana Kimanzi yuleyule, na umwambie tafadhali akatae jiwe tena.

Naacha hapo. Nasikia buti ikigongwa.